Baba mkwe aligoma nimwekee dawa ya macho, tukapatana kwenye movie ya watu saba

Wakuu, poleni na baridi mlioko huku kwetu. Mlioko kwenye joto msitucheke.

Mimi humu ni msomaji tu, nacheka na comments zenu halafu natoka kimya kimya. Leo nimeona niandike. Haya yamenitokea mwenyewe, ndani ya nyumba yangu hapa Olasiti, Arusha, na chumvi sijaongeza. Nilichobadilisha ni vitu vidogo tu ili mawifi zangu wakipita humu wasinijue.

Mimi ni Ke, mwalimu wa shule ya msingi, Mmachame. Nimeolewa na Mmeru wa Akheri, huu ni mwaka wa nne. Mume wangu ni dereva wa watalii, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba namwona kwa kubahatisha. Watoto bado, msiniulize.

Sasa kuna baba mkwe.

Wameru wa siku hizi ni watu wa kawaida kabisa, wanataniana na wakwe zao na wanakula meza moja. Baba siyo wa siku hizi. Kwake yeye, mke wa mtoto anaheshimiwa kwa mbali. Hakai naye kiti kimoja, hamtazami usoni, hampi mkono, jina lake halitamki. Kugusana ndiyo usiseme.

Mama mkwe alipokuwa hai, maneno yote yalipitia kwake. Tangu afariki, Baba anaongea na mimi kupitia ukuta.

"Mtu akipata nafasi aniletee maji."

Huyo mtu ni mimi. Tuko wawili tu ndani ya nyumba.

Mwanzoni nilichukulia ni mila, nikaheshimu. Baadaye nikaanza kuumia. Kuna Krismasi moja nilimpelekea chakula pale uani Akheri, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anaangalia migomba. Hakugeuka hata kidogo. Nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu, baba yako hanitaki kwa sababu mimi ni Mchaga. Akasema hapana, ndivyo alivyo. Sikumwamini. Krismasi iliyofuata nikasingizia mafua, sikwenda.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mimi na Baba mpaka likizo ya mwezi wa sita mwaka huu.

Turudi kwenye macho. Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulijua haoni vizuri ila hatukujua ni kwa kiasi gani, maana mzee anajua kuficha. Siri ilivuja asubuhi moja alipokamua ng'ombe maziwa yakaishia chini, pembeni ya ndoo, na yeye hana habari. Jirani yake akampigia simu mume wangu.

Akafanyiwa operesheni jicho la kulia kwanza. Kurudi Akheri kukaa peke yake ilikuwa haiwezekani, kwa hiyo akaja kwetu.

Daktari alitupa masharti mbele yake. Asisugue jicho, asiiname, maji yasiingie. Dawa ya matone mara nne kwa siku: saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi, saa mbili usiku. Akarudia mara mbili kwamba dawa isirukwe, kwa sababu kidonda kikichafuka jicho linaweza kupotea moja kwa moja.

Siku mbili za kwanza mume wangu ndiye aliyeweka. Siku ya tatu ofisini wakampigia, kuna wageni wa siku sita Serengeti na dereva wao anaumwa. Akaondoka.

Sasa nani aweke dawa? Mawifi zangu wameolewa mbali. Mimi si nipo likizo. Nikanawa mikono vizuri, nikamwendea na kichupa.

Baba akageukia ukutani.

"Hicho kitu mtu akiweke mezani. Nitajiwekea mwenyewe."

Wakuu, mikono ya Baba inatetemeka. Nilisimama mlango wa jikoni nikawa namchungulia. Tone la kwanza likaenda shavuni. La pili likaingia sikioni. La tatu likamezwa na kola ya sweta. Dawa ilikwenda kila mahali isipokuwa jichoni, na yeye akafunga kichupa vizuri akasema, "Tayari."

Nikakimbilia kwa jirani, nimwite Baba Neema. Mwanaume mwenzake, akakubali. Lakini Baba Neema anatoka kazini jioni, kwa hiyo akawa anaweka ya asubuhi na ya usiku tu. Ya saa sita na ya saa kumi zikawa za sikioni.

Siku ya pili jicho likawa jekundu.

Nikampigia mume wangu, akaongea na baba yake kwa Kimeru kama robo saa nzima. Baba akamjibu nimesikia, akanirudishia simu kwa kuiweka mezani. Halafu akautangazia ukuta kwamba Alhamisi anarudi Akheri, huko kuna wanaume.

Niliogopa kweli kweli. Kwa nani huko Akheri? Jirani yake mwenyewe ni mzee kama yeye. Nikawaza hili jicho likiharibika likiwa kwangu, ukoo utasemaje. Halafu nikajikuta nawaza siyo ukoo. Nawaza huyu mzee aamke siku moja asiione hata njia ya kwenda zizini, kisa mkono wangu ni wa mkwe.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano ndiyo siku yenyewe.

Kulikuwa na ukungu na manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru ulishapotea wiki nzima. Dawa ya saa sita ilikwenda kwenye sweta kama kawaida yake. Tukala, kila mtu na mahali pake, Baba akaingia chumbani kwake kupumzika. Mimi nikachomeka flashi kwenye TV.

Naomba niungame hapa. Wenzangu shuleni wanaangalia tamthilia za mapenzi. Mimi nipe watu wanaoruka kutoka kwenye helikopta. Mume wangu ananicheka, anasema ameoa mwanajeshi mstaafu.

Siku hiyo nilikuwa na movie ya wale watu wengi, kila mmoja na fani yake. Jina silikumbuki wala msinitume kulitafuta. Walikuwa saba: mkuu wao mwenye mvi, dada mmoja dereva, mdunguaji asiyeongea, mapacha wawili wa visu, mmoja mvulana mmoja msichana, kijana wa kompyuta, na bwana mmoja mnene wa mabomu anayecheka muda wote. Wanatumwa kisiwani kumwokoa daktari aliyetekwa. Kiingereza tupu, haijatafsiriwa na ma-DJ wetu.

Sauti niliiweka chini. Lakini hawa watu walipolipua daraja, hata sauti ya chini haikusaidia.

Nikasikia mlango. Baba anatoka, ameshika ukuta. Nikarukia rimoti nizime.

"Mtu asizime kwa ajili yangu," akaliambia dirisha. "Huko kuna vita gani?"

Akavuta kiti cha plastiki, akakaa mlangoni, ubavu umeelekea TV. Nikamweleza kwamba ni movie, watu wanakwenda kumwokoa mwenzao.

"Ni wangapi?"

"Saba, Baba."

"Wa ukoo mmoja?"

"Hapana Baba, kila mtu na kwao."

"Basi watauana wenyewe," akasema, akajifunga blanketi vizuri.

Nikadhani imeisha. Kumbe bado. Akataka nimtajie mmoja mmoja. Huyu anayeongea sasa hivi ni yupi? Huyu mwenye kikohozi? Jicho la kulia lilikuwa na machozi na la kushoto lina ukungu wake, kwa hiyo alikuwa anawashika kwa sauti. Baada ya dakika kumi alikuwa anawajua wote saba. Huyu mzee amechunga maisha yake yote, hapotezi hesabu ya kundi.

Basi mimi nikawa DJ. Wanasema kitu, natafsiri. Wanapigana, natangaza. Nikaanza kuongeza na vya kwangu kidogo, maana nyie mnajua ma-DJ walivyo. Bwana wa mabomu ndiye aliyempenda. Kila akicheka, Baba naye mabega yanatikisika.

Ndipo ikafika ile sehemu.

Wako ndani ya boti, kijana wa kompyuta na yule pacha wa kike. Muziki ukalegea. Wakaanza kusogeleana. Wakuu, mlioolewa mnaelewa. Niko sebuleni na baba mkwe asiyenitazama hata usoni, na hawa watu wanataka kubusiana kwenye TV yangu ya inchi arobaini!

Nikakamata rimoti nikabonyeza kwenda mbele. Nikabonyeza kwa hofu, siyo kwa akili. Nilipoachia, boti hakuna, tuko msituni na watu wanakimbia.

Nikaendelea kutangaza kama hakuna lililotokea. Baba akainua kichwa. Halafu:

"Yule wa mabomu yuko wapi?"

Nikaangalia. Kweli hayupo. Kwenye kukimbia busu nilikuwa nimeruka na kitu kingine, na kitu gani nilikuwa sijui hata mimi.

"Amesafiri, Baba."

"Amekwenda wapi?"

"Nyumbani. Mama yake anaumwa."

Baba akafikiri. "Vitani mtu anaomba ruhusa?"

"Mkuu wao ni mtu mwema," nikasema. Nilikuwa natoka jasho na baridi lote lile.

Tukaendelea. Haikupita muda mrefu, wakafika ufukweni wale sita, wakasimama mstari, mkuu wao ameshika kofia ya yule bwana mnene. Akaiweka juu ya maji. Dada dereva akaanza kulia, na alilia kwa sauti hasa.

"Wanalia nini?"

"Amekufa, Baba. Yule wa mabomu."

"Aliyekwenda kwa mama yake?"

"Ndiyo."

"Na mama naye?"

Sijui ilikuwaje, nikaangua kicheko. Nikajaribu kujizuia kwa upande wa kanga, nikashindwa. Nikajua sasa nimeharibu kila kitu. Kumbe Baba naye anacheka. Anacheka kwa Kimeru, anasema mtoto huyu amenidanganya mchana kweupe. Kimeru na Kimachame vinasikilizana, kwa hiyo nilimwelewa vizuri sana. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sababu yangu.

Akauliza niliruka kwa nini. Nikamwambia kulikuwa na watu wanasalimiana vibaya.

Akaelewa. Akasema, "Rudisha. Mtu hafi hivi hivi, watu wakamruka."

"Baba, nikirudisha tutapita palepale."

"Nitafumba. Na wewe fumba."

"Tukifumba wote nani atajua wamemaliza?"

"Muziki utabadilika," akasema.

Basi nikarudisha, tukafumba. Mwalimu mzima na babu wa watu, tumekaa sebuleni mchana tumefumba macho tunasubiri watu wamalize kubusiana. Muziki kweli ukabadilika. "Haya," akasema Baba, tukafumbua.

Bwana wa mabomu alikuwa amebaki nyuma ili wenzake wapite. Akapigwa. Dada dereva akarudi kumfuata, akamkuta chini kwenye matope, damu imemwingia machoni. Akapiga magoti, akakiweka kichwa chake mapajani. Akatoa kitambaa akawa anamfuta macho ili aone.

Nilikuwa natafsiri, lakini hapo hakuna mtu aliyekuwa anaongea, kwa hiyo nikawa nasema ninachokiona tu. Amemshika kichwa, Baba. Anamfuta uso. Bwana anacheka bado. Sasa hacheki tena.

Risasi zilipoanza upya, Baba akaniuliza.

"Huyo binti ni mtoto wake?"

"Hapana Baba. Wako pamoja tu kwenye hiyo kazi."

"Siyo ndugu?"

"Siyo ndugu."

"Na amemshika kichwa."

"Ndiyo, amemshika."

Nikasimamisha movie. Sikuwa na mpango wowote, niliona tu siwezi kuendelea. Manyunyu yalikuwa yanagonga bati. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi kidogo.

Halafu Baba akageuza kile kiti cha plastiki. Mwenyewe, kwa mikono yake inayotetemeka, akakigeuza kikaacha kutazama pembeni kikanitazama mimi. Akaegemea, akainua uso juu.

"Nawa mikono," akasema.

Hakusema mtu anawe mikono. Aliniambia mimi.

Nilinawa mpaka nikamaliza nusu ya sabuni. Nikamwomba Mungu jikoni pale anitulizie vidole. Nikaenda, nikamwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa la moto, la mtu aliyejifunika blanketi. Yeye alikuwa ameshika kingo za kiti kwa nguvu zote. Nikavuta kope ya chini taratibu, nikabonyeza kichupa. Tone likaingia palepale.

"La baridi," akasema.

"Pole, Baba."

Nikadhani atageuka sasa. Hakugeuka. Akawa ananitazama, machozi na dawa vinamchuruzika, anakunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kumbe una mwanya," akasema.

Sikuelewa. Akaniambia kwamba miaka yote hii hajawahi kuniona sura. Siku ya harusi aliona kitu cheupe. Baada ya hapo kivuli kinapita, kinaleta chai. Shikamoo ikija anageukia ilikotoka sauti, na mara nyingi anakosea. Alikuwa akiona aibu kuuliza mke wa mwanawe yuko upande gani, basi akawa anatazama mbele tu, na mila ikamsaidia kujificha.

Wakuu, nikakumbuka ile migomba. Niliingia jikoni nikalia. Nililia kwa furaha, na kwa aibu pia, maana mwaka mzima nilimnyima mzee wa watu Krismasi kwa kosa la kutoona.

Nilipotoka akaniona na macho mekundu kuliko lake. Akasema tu, "Washa, tumalize vita."

Tukamaliza. Daktari akaokolewa, kama mlikuwa na wasiwasi.

Alhamisi hakuna aliyetaja Akheri. Saa mbili, saa sita, saa kumi, saa mbili, kila dawa ikawa na movie yake, au robo ya movie. Nikampikia loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, akasema haijachachuka vya kutosha, na aliniambia mimi, siyo sufuria. Jicho likaanza kutulia, wekundu ukaondoka.

Mume wangu aliporudi, vumbi mpaka kwenye nyusi, alitukuta kwenye kochi moja tunabishana kama mdunguaji ni msaliti au siyo. Alisimama mlangoni, begi mkononi, akasahau hata kusalimia. Baba akamwambia asizibe TV.

Funzo nililopata ni hili, na wengine mtaongeza yenu. Nilikaa miaka na hukumu mkononi wakati sikuwahi kuuliza swali hata moja. Mila ilikuwepo, siikatai, na Baba mpaka leo hanipi mkono wala jina langu halitaji. Lakini nyuma ya mila kulikuwa na mzee anayeona haya kwa sababu haoni, na mimi nilikuwa karibu yake kuliko wote nisijue. Mwenye mkwe anayetazama migomba, kabla hujasusa, hebu angalia vizuri mara ya pili.

Karibuni mnipe ya kwenu, hasa wale wa wakwe wa ukutani. Matusi wekeni akiba, na wenye movie nzuri za watu wengi tupieni hapa, stoku yetu imekwisha.

Ah, na jicho la kushoto. Juzi tulimrudisha Baba kliniki, daktari akaridhika sana na la kulia, akasema la pili lifanyike mwezi wa tisa. Baba akakataa. Akasema mpaka shule zifunge.

Daktari akamuuliza, "Mzee, una wajukuu wanasoma?"

"Sina," Baba akajibu. "Nina binti mwalimu, na dawa ananiwekea yeye."